Daftari Lililomzaa Mbwa Koko

Anayetafuta mbwa wa kulinda nyumba Dar es Salaam au Nairobi huulizwa kwanza anamtaka wa mbegu gani. Wako wa kizungu, ambao bei yao hupanda wakiwa na cheti, na wako wa kienyeji, ambao hutolewa bure au kwa pesa kidogo. Wa tatu, yule anayelala nyuma ya kibanda cha chipsi na kula kinachomwagwa, hatajwi kabisa. Huyo ni koko. Mpangilio huu umezoeleka hata unaonekana umetoka kwenye damu ya wanyama wenyewe, kana kwamba wako mbwa walioumbwa bora na wako waliozaliwa duni. Historia haisemi hivyo. Mgawanyo huu ulianzia mahali panapojulikana, Uingereza, na ulikamilika kati ya mwaka 1859 na 1874. Hoja yangu ni kwamba mbwa mwenye nasaba iliyoandikwa na mbwa asiye na kwao waliibuka pamoja, katika nchi ile ile na karibu miaka ile ile, na kwamba tusipoangalia jinsi daftari la nasaba lilivyofunguliwa na baadaye kufungwa, hatutaelewa kwa nini vituo vya mbwa waliotupwa vimejaa mbwa ambao hakuna aliyewakuta na kosa.

Kabla ya hapo mbwa alijulikana kwa kazi yake. Mwaka 1570 daktari John Caius wa Cambridge alichapisha kwa Kilatini kitabu kidogo juu ya mbwa wa Uingereza, ambacho alikuwa amemwandikia mtaalamu wa wanyama wa Uswisi, Conrad Gesner. Aliwapanga kwa shughuli zao: wanaofuata harufu, wanaokimbiza windo kwa macho, wanaochunga kondoo, wanaolinda nyumba. Ni kweli kwamba Caius naye alikuwa na madaraja, na chini kabisa aliwaweka mbwa wa hali ya chini na waliochanganyika. Lakini tazama ni akina nani aliowaweka huko: mbwa anayebweka kumtahadharisha mwenye nyumba, mbwa anayekimbia ndani ya gurudumu jikoni ili nyama igeuke juu ya moto, na mbwa anayecheza ngoma mbele ya watu. Hata wa mwisho katika orodha alikuwa na kazi. Msomaji wa pwani atakumbuka kwamba fikihi ya Kiislamu nayo huanzia hapo hapo. Mbwa ni najisi katika madhehebu ya Shafi, na chombo alichokilamba huoshwa mara saba. Hata hivyo mbwa wa kuwindia, wa mifugo na wa shamba ameruhusiwa kufugwa. Mlango wa ruhusa ni kazi, wala hakuna anayeuliza babu yake mbwa huyo ni nani.

Swali la babu lilitoka kwa farasi na ng'ombe. Waingereza walikuwa na daftari la nasaba za farasi wa mbio tangu 1791, na la ng'ombe wa Shorthorn tangu 1822. Kwa mbwa, mwanzo ni maonyesho ya Newcastle upon Tyne ya Juni 1859, yaliyoandaliwa kwa mkono wa fundi bunduki wa mji ule, W. R. Pape. Walioonyeshwa walikuwa mbwa wa kuwindia ndege tu, pointa na seta, na zawadi zilikuwa bunduki. Kwa kuwa hakuna awezaye kumwona mbwa akiwinda ndani ya ukumbi, waamuzi walipima kilichoonekana: kichwa, mabega, miguu, mkia. Hapo ndipo umbo lilipoanza kuchukua nafasi ya kazi. Miaka michache baadaye John Henry Walsh, mhariri wa gazeti la The Field aliyeandika kwa jina la Stonehenge, alitoa kitabu cha mbwa wa visiwa vya Uingereza (1867) ambamo kila kiungo kilipewa alama zake, kama mtihani wa shule. Mwaka 1873 Sewallis Shirley, mbunge na mwenye ardhi, aliwakusanya mabwana wenzake London wakaunda Kennel Club, na mwaka uliofuata likatoka daftari la kwanza la nasaba, lenye mbwa 4,027 waliogawanywa katika mbegu 40.

Nani aliumia katika kupima huko? Mtazame buldogi. Mbwa huyu alizalishwa kwa ajili ya kumng'ata fahali aliyefungwa kwenye kigingi, mchezo wa kikatili uliopigwa marufuku na bunge mwaka 1835. Kazi ilipokwisha, wapenzi wake wakamhamishia kwenye maonyesho, na mwaka 1865 wakamwandikia kipimo. Uso uwe mfupi, pua irudi nyuma kuelekea machoni, taya la chini lichomoze mbele ya la juu, ngozi ya kichwa ikunjamane, mabega yawe mapana kuliko kiuno. Kila kizazi waamuzi wakamzawadia aliyezidi kidogo. Matokeo yake yanajulikana kwa kila daktari wa mifugo: mbwa anayekoroma akiwa macho, anayezimia kwa joto, ambaye watoto wake wengi leo huzaliwa kwa upasuaji kwa sababu kichwa ni kikubwa kuliko njia. Hakuna fahali aliyemdhuru buldogi kiasi hicho.

Ushahidi ulio wazi kuliko wote, kwa maoni yangu, unatoka Yorkshire. Wafumaji waliohama kutoka Uskoti kwenda kwenye viwanda vya nguo vya kaskazini mwa Uingereza walikwenda na vijibwa vyao vya kukamata panya, vikachanganyika na vya wenyeji. Hawa walikuwa machotara wa mitaa ya wafanyakazi, wa rangi na ukubwa wowote. Mwaka 1865 alizaliwa mmoja aliyeitwa Huddersfield Ben. Mwenyewe, Bi Mary Ann Foster wa Bradford, alimpeleka kwenye maonyesho akashinda mara nyingi. Alishinda pia kwenye mashindano ya kuua panya. Mwaka 1871 Ben aligongwa na gari la farasi akafa. Kwa miaka ile michache alikuwa amezaa wengi wanaofanana naye, na daftari la 1874 likawa na sehemu ya teria wa Yorkshire. Leo kijibwa hicho hubebwa kwenye mikoba ya matajiri. Kilichobadilika hapo katikati ni maandishi, maana damu ilikuwa ile ile ya mtaani. Ndugu zake Ben ambao hawakupelekwa ukumbini walibaki machotara, na watoto wao wakawa machotara, na wajukuu wao ndio waliojaza vituo.

Vituo hivyo vilianza mwaka mmoja tu baada ya Newcastle. Katika uwanja wa Canonbury, kaskazini mwa London, mwanamke mmoja, Bi Major, aliokota mbwa aliyekaribia kufa kwa njaa, akampeleka jikoni kwake. Rafiki yake, Mary Tealby, akasaidia kumuuguza. Mbwa yule hakupona. Oktoba 1860 Tealby, mwanamke mwenye kipato kidogo, akisaidiwa na ndugu yake aliyekuwa kasisi, alifungua mabanda katika zizi la farasi huko Holloway na kuyaita makao ya muda ya mbwa waliopotea na wenye njaa. Fedha zilikuwa michango, na kazi ilifanywa na watu waliojitolea, wengi wao wanawake. Gazeti la The Times liliwacheka: katika jiji ambalo watoto walilala nje, nani mwenye akili angewajengea mbwa nyumba? Msaada ulitoka upande mwingine. Mwaka 1862 jarida la Charles Dickens, All the Year Round, lilichapisha makala iliyoitwa Two Dog Shows, yaani maonyesho mawili ya mbwa. Mwandishi wake aliyaweka ubavu kwa ubavu maonyesho makubwa ya mbwa wa thamani yaliyofanyika Islington na yale mabanda ya Holloway, mwendo mfupi tu kutoka hapo. Kwa hiyo watu wa wakati ule waliyaona mambo hayo mawili kama jozi. Ni sisi tuliokuja kuyatenganisha, tukaanza kufikiri kwamba mfugaji wa mbegu na mwokoaji wa koko ni walimwengu wawili wasiojuana.

Tealby alifariki 1865, na mwaka 1871 makao yakahamia Battersea, kando ya reli, yalipo hadi leo. Hapa lazima nikiri jambo ambalo wapenzi wa makao hayo hulipita haraka. Sheria ya mitaa ya London ya 1867 iliwapa polisi mamlaka ya kukamata mbwa waliokuwa wakizurura, na mwaka huo huo leseni ya shilingi 5 ikachukua nafasi ya kodi ya zamani ambayo wengi waliikwepa. 1878 ilipanda hadi shilingi 7 na peni 6, ujira wa siku kadhaa kwa kibarua wa shamba. Maskini aliyeshindwa kulipa alimwachia mbwa wake barabarani. Polisi wakawaleta Battersea. Mbwa aliyeonekana wa mbegu alidaiwa au alinunuliwa. Koko alingoja siku chache, kisha akauawa. Mwaka 1884 kilijengwa pale chumba cha kuulia mbwa kwa gesi, kilichobuniwa na daktari Benjamin Ward Richardson ili kifo kisiwe na maumivu, na mwaka uliofuata Malkia Victoria akawa mlezi wa makao. Nia ya Richardson ilikuwa njema, na bado chumba kile kinaonyesha kilichokuwa kimetokea: makao yaliyofunguliwa na mwanamke mmoja ili mbwa asife yalikuwa yamegeuzwa mahali ambapo jiji lilimalizia mbwa wasio na soko. Marekani mambo hayakuwa tofauti sana. New York iliwazamisha mbwa wake mtoni ndani ya tundu la chuma. Huko Philadelphia, Caroline Earle White, aliyesaidia kuanzisha chama cha kuzuia ukatili dhidi ya wanyama lakini akanyimwa kiti kwenye bodi kwa kuwa ni mwanamke, aliunda tawi la wanawake mwaka 1869. Tawi hilo ndilo lililochukua kazi ya banda la mbwa la jiji na kuanza kuwatafutia mbwa watu wa kuwachukua.

Mtu anaweza kunipinga kwa kusema mbwa wasio na mwenyewe walikuwako tangu zamani. Ni kweli. Wakati wa tauni ya 1665 mamlaka za London ziliamuru mbwa na paka wauawe, na miji mingi ya Ulaya ilifanya hivyo kila maradhi yalipoingia. Tofauti iko kwenye sababu. Mbwa wa 1665 aliuawa kwa kuogopwa, awe wa nani. Wa 1885 alipimwa kwanza thamani yake. Mwanahistoria Philip Howell ameonyesha kwamba London ya Victoria ndiyo iliyojenga wazo kwamba mahali pa mbwa ni ndani ya nyumba ya mtu, na kwa hiyo mbwa aliye nje amekosea mahali pake. Michael Worboys na wenzake wamefuatilia jinsi mbegu zilivyotungwa kwenye vikao na maonyesho ya kipindi hicho hicho. Ukiyasoma matokeo yao pamoja, utaona kwamba nyumba na nasaba ziliwekwa kuwa vigezo viwili vya mbwa halali kwa wakati mmoja. Aliyekosa kimoja mara nyingi alipoteza na cha pili.

Pingamizi zito zaidi ni hili: mbegu humwambia mnunuzi anachokipata. Ukinunua mbwa wa kuchunga, umenunua uchungaji. Ukichukua koko kituoni, umebahatisha. Sitalidharau, kwa sababu lina ukweli ndani yake. Mchungaji wa Wales mwenye kondoo mia tano mlimani anahitaji mbwa ambaye wazazi wake walichunga, na hakuna kituo kitakachomhakikishia huyo. Lakini mchungaji huyo humchagua mbwa kwa kazi ya wazazi wake, kama Caius alivyowapanga, wala hajali masikio yamesimamaje. Kwa sisi wengine, tunaotafuta mlinzi au mwenzi wa nyumbani, mbegu inaeleza kiasi gani? Mwaka 2022 jarida la Science lilitoa utafiti uliokusanya majibu ya wenye mbwa zaidi ya 18,000 na kusoma vinasaba vya mbwa zaidi ya 2,000, wa mbegu na machotara. Mbegu ilieleza takribani asilimia 9 tu ya tofauti za tabia kati ya mbwa na mbwa. Mambo machache, kama kusikiliza amri au kubweka kwa kuvuta sauti, yalifuata mbegu kwa kiasi. Woga na wepesi wa kuchokozeka havikuifuata karibu hata kidogo. Miaka mia na hamsini ya kuzalisha kwa kutazama rangi, masikio na pua ilibadilisha rangi, masikio na pua.

Tena ilibadilisha afya. Daftari likishafungwa, yaani lisipopokea tena mbwa ambaye wazazi wake hawamo, hakuna damu mpya inayoingia, na kila kasoro iliyokuwa kwa mababu wachache husambaa kwa wajukuu wote. Madoadoa ya mbwa wa Dalmatia yaliandamana na kasoro ya mkojo inayoleta mawe kwenye kibofu, na mbegu nzima ikaibeba. Mwaka 1973 mwanasayansi wa Marekani, Robert Schaible, alimzalisha Dalmatia na pointa mara moja tu, kisha akawarudisha watoto kwa Dalmatia kizazi hadi kizazi. Kasoro ikatoka, madoadoa yakabaki. Chama cha mbwa cha Marekani kilisita hadi 2011 kuwakubali wajukuu hao, kwa sababu babu mmoja alikuwa mgeni. Kisa cha pili kinatugusa kwa karibu. Mbwa wa vijijini Kongo, mdogo, mwenye mkia uliojikunja na asiyebweka kama wengine, alipelekwa kwenye maonyesho ya mbwa ya Crufts huko Uingereza mwaka 1895 na akafa kwa maradhi. Waliopelekwa miaka ya 1930 waliishi, wakaitwa basenji, wakaandikwa kuwa mbegu. Walikuwa wachache mno. Baada ya nusu karne ugonjwa wa figo ulikuwa umeenea kati yao, na mwishoni mwa miaka ya 1980 wafugaji wa Marekani wakafunga safari kurudi Kongo kutafuta mbwa wa kijijini wawaokoe wenye vyeti. Mwaka 1990 daftari lilifunguliwa ili waingie. Mbwa wale wa kijijini, ambao mjini kwetu wangeitwa koko, ndio walioisaidia mbegu isife kwa usafi wake.

Liko pia neno linalosemwa sana Afrika Mashariki, nalo halipaswi kupuuzwa: koko wanaleta kichaa cha mbwa, basi wauawe. Kichaa cha mbwa ni kifo cha kutisha, na miongoni mwa wanaokufa wamo watoto wengi wa vijijini waliong'atwa wakicheza. Lakini ugonjwa huu haujawahi kuulizia nasaba. Uingereza iliuondoa kufikia 1902 kwa amri ya kuwafunga mbwa midomo iliyosimamiwa na waziri Walter Long kuanzia 1897, pamoja na karantini kwa mbwa waliotoka nje. Mbwa wa misafara ya mabwana wa uwindaji walisamehewa, na maskini waliiona dhuluma hiyo wakaisema. Kisiwa cha Flores huko Indonesia kilijaribu kuua mbwa kwa maelfu baada ya ugonjwa kuingia 1997, na ugonjwa ukabaki. Vijiji vya kandokando ya Serengeti vimeonyesha njia nyingine: kampeni za chanjo za kila mwaka, zikilenga asilimia 70 ya mbwa, ambako watoto huja na mbwa wao wamewafunga kamba ya katani wakapanga foleni. Wengi wa mbwa hao ambao mgeni angewaona wakizurura na kuwaita koko walikuwa na wenyewe, na majina wanayo. Kisiwani Pemba chanjo imefika mbali zaidi, na ugonjwa uliondolewa kisiwani. Anayetaka mtaa salama akachanje. Kuua hakujamfikisha mtu huko.

Leo kazi ya kuwatafutia mbwa makazi imerudi kwa kiasi kikubwa mikononi mwa watu wa aina ya Tealby, wanaojitolea baada ya saa za kazi, wanaolipa chakula mfukoni mwao. Cha kusikitisha ni kwamba wengi wao bado wanatumia lugha ya Kennel Club. Mbwa akiingia kituoni, mtu humtazama na kukisia mbegu yake, akaiandika kwenye kadi. Kundi la Victoria Voith huko California lililinganisha makisio hayo na vipimo vya vinasaba mwaka 2009, likakuta kwa mbwa walio wengi kadi na damu havikukubaliana. Kisio hilo lina gharama. Lisa Gunter na wenzake walionyesha mwaka 2016 kwamba mbwa aliyeandikwa pit bull, jina la mbwa wanaoogopwa kwa ukali, alikaa kituoni zaidi ya mara tatu ya mwenzake anayefanana naye aliyeandikwa jina lingine, ijapokuwa watu walipowatazama hawakuona tofauti. Siku hizo za ziada, katika kituo kilichojaa, ndizo zinazoamua nani atauawa. Baadhi ya vituo vya Marekani vimeufuta mstari wa mbegu kwenye kadi, na naona kila kituo, kiwe cha Nairobi, Arusha au London, kingefanya vyema kuufuta. Katika nafasi hiyo yangeandikwa yale ambayo mtu anayejitolea huyajua baada ya kumlisha na kumtembeza mbwa kwa wiki mbili: kama anavuta kamba, kama anapatana na paka na watoto, kama anaogopa radi, kama hubweka mgeni anapofika getini, kama amechanjwa na lini.